Uzi Uliolingana na Gauni la Mama

"Nywele za mama zimepelekwa wapi?"

Nilimuuliza nesi siku waliyomnyoa mama kwa ajili ya upasuaji wa kichwa. Nikamuuliza na mjomba. Nesi aliangalia faili, mjomba akaangalia viatu vyake. Mimi, ambaye kwenye midahalo ya chuo wapinzani huomba maji kabla sijafungua mdomo, nilishindwa na watu waliokaa kimya tu. Wiki moja baadaye tukamzika.

Juzi jioni nilikwenda kutafuta uzi. Mahafali ni Ijumaa, na kwa kuwa sina wa kuja kunipigia makofi, niliamua kuvaa gauni la mama, lile la kahawia. Alikuwa akijitania kwamba kalishona lifanane na rangi aliyojipaka kichwani. Lilikuwa limefumuka kwapani.

Duka la vifaa vya ushonaji lilikuwa linafungwa. Mama muuzaji alinitolea uzi wa kwanza.

"Unang'aa mno," nikasema.

"Huu je?"

"Umepauka."

"Binti, unachagua uzi au mchumba?"

"Mchumba ningekuwa nimeshamaliza."

Nilikataa nyuzi tano. Uzi hauchaguliwi ukiwa umezungushwa. Unavuta unyuzi mmoja, unaulaza juu ya kitambaa. Wa sita aliutoa kwenye droo ya chini. Nilipoulaza juu ya gauni… haukuonekana.

"Ni pamba?"

"Unashika huo," akasema.

Nilijua kabisa kwamba hakunijibu. Nilikuwa nimechoka. Nikaondoka.

Chumbani kwangu kuna kitanda kimoja, kiti kimoja, kikombe kimoja. Nikashona. Uzi ulipenya tundu la sindano bila hata kulambwa. Mishono kumi na miwili, nikakata, nikalivaa.

Kwapani palikuwa na joto.

Joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi.

Nikalivua mbio. Mama alinifundisha: ukiutilia uzi shaka, choma ncha. Pamba hunuka karatasi. Nailoni hujikunja na kuwa donge. Nikawasha kiberiti.

Tssss…

Harufu ikapanda.

Nywele.

Nikachukua mkasi, nikafumua mshono wa kwanza.

"Sss… taratibu, mwanangu."

Sikioni kabisa. Sauti ileile ya mama siku za Jumamosi, nilipokuwa namfungua misuko, yeye kakaa chini katikati ya magoti yangu.

Wa pili.

"Unanivuta…"

Kufikia wa saba alikuwa analia.

Nikaacha.

Asubuhi nilirudi dukani na hasira zangu na hoja zangu zote. Mama muuzaji hakukana hata moja.

"Naletewa na mfagizi wa wodini, nasokota. Nilikupa tano za kawaida, ukazikataa mwenyewe."

Akaivuta ile droo. Ilijaa. Nyeusi. Za mvi. Na mmoja mwembamba, laini, mfupi sana… wa mtoto.

Nikamuuliza: "Nikifumua yote?"

"Ananyamaza."

"Anapumzika?"

"Nimesema ananyamaza." Akafunga droo.

Leo ni Alhamisi, jua linazama. Imebaki mishono mitano. Nikitulia namsikia anapumua pale kwenye kiti nilipolilaza gauni, na tangu nihamie chumba hiki hakijawahi kuwa na watu wawili. Ningeweza kumwacha hivyo hivyo. Kesho ningekwenda mahafali nimekumbatiwa. Nimelijadili usiku na mchana, pande zote mbili nikizisemea mwenyewe, na kila nikigusa gauni anavuta pumzi kama mtu anayesubiri kuumizwa.

Siwezi kumvaa mama akiwa hivyo. Nitafumua. Ila niko peke yangu, na mkasi ukiteleza sijui nitakata nini.

Wewe unayenisikiliza, njoo. Huhitaji kusema chochote. Nishikie gauni tu, nimalize.