Tone la Marashi Kwenye Meza ya Sushi

Shuleni kwao Nagano, mji wa milimani nchini Japani, wanafunzi walisafisha shule yao wenyewe kila siku baada ya chakula cha mchana. Mizuho, Wakana na Kotone wa darasa la sita walikuwa wamepangiwa ukumbi mrefu wa ghorofa ya pili. Kazi hiyo hawakuichukia hata kidogo, kwani ilikuwa nafasi nzuri ya kupiga soga, na Ijumaa hiyo soga lilikuwa moja tu, nalo ni sushi, matonge madogo ya wali yenye samaki mbichi juu yake.

"Kesho jioni tumbo hili litakuwa limejaa jodari," alisema Kotone huku akisukuma tambara sakafuni.

"Tumbo lako lilijaa lini?" Wakana akamjibu. "Na usije ukatutia aibu. Huko si kama kule kwenye mikahawa ya sahani zinazozunguka juu ya mkanda, unadaka tu kama kunguru."

Wote watatu wakacheka mpaka mwalimu akachungulia. Shangazi Tokie, dada yake baba Wakana, alikuwa amewaahidi jambo kubwa. Wakikaribia kumaliza shule ya msingi, angewapeleka Kanazawa, mji wa pwani, wakaketi mbele ya fundi wa sushi wa kweli. Kwa watoto waliozaliwa milimani, hilo halikuwa jambo dogo.

Mizuho alifurahi kama wenzake, lakini jambo moja lilimkera. Koti lake alilirithi kwa binamu yake, na lilikuwa limekaa sandukuni pamoja na vidonge vya kufukuza nondo, wale wadudu walao nguo. Alikuwa amelianika juani mara kadhaa, lakini harufu ya vile vidonge ililing'ang'ania kama kupe. Koti la Wakana lilikuwa jipya, na la Kotone pia. Usiku ule, alipokuwa akifunga mkoba, alichukua kichupa kidogo cha marashi ya maua alichopewa na dada yake, akakificha ndani ya soksi.

Kwenye treni Shangazi Tokie aliwapa masharti.

"Nisikilizeni vizuri. Fundi akikuwekea sushi mbele yako, uile papo hapo. Si ya kupigia picha, si ya kuitazama. Na kubwa kuliko yote, asijipake mtu marashi. Harufu ya samaki mbichi na wali wenye siki ni nyepesi mno. Marashi yakiingia, yanaimeza yote. Ukijipaka wewe, umewaharibia wote ulioketi nao."

Alipomaliza, alinusa hewa, akaushika mkono wa Wakana. "Na wewe, haya mafuta ya stroberi ni ya nini?"

"Ni ya mikono tu, Shangazi!"

"Nipe hapa." Wakana akatoa mafuta yake, akayakabidhi huku akimkonyeza Kotone. Mizuho alitazama nje ya dirisha. Aliyasikia masharti yote, na soksi iliyokuwa mkobani ikawa nzito ghafla.

Walifika Kanazawa, wakatembea sokoni, wakashangaa kaa wekundu waliopangwa juu ya barafu. Jioni walibadilisha nguo katika nyumba ya wageni. Mizuho alinusa ukosi wa gauni lake. Balaa! Harufu ya vidonge vya nondo ilikuwa imehamia hata huko. Alijiona ameketi kati ya watu wa heshima, ananuka kama sanduku la bibi. Wenzake walipotangulia kushuka ngazi, alifungua kichupa, akajipaka kidogo shingoni na kidogo kwenye viganja.

"Tone moja haliwezi kuua mtu," alijiambia.

Mkahawa ulikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya pazia fupi la buluu. Ndani hakukuwa na meza nyingi. Palikuwa na ubao mmoja mrefu, mweupe, laini, na viti vichache mbele yake. Nyuma ya ubao alisimama Fundi Iwase, mzee mwenye kichwa kilichonyolewa na mikono isiyo na haraka. Mke wake aliwapokea makoti na kuwaletea chai. Upande wa pili waliketi mzee mmoja na mkewe, Bwana na Bibi Kurebayashi, waliokuja kuadhimisha miaka hamsini ya ndoa yao. Sherehe hiyo waliingoja tangu mwaka uliopita, kwani nafasi katika mkahawa ule hazikupatikana kirahisi.

Fundi alianza na ngisi, kisha changu. Kotone alifumba macho. "Mama yangu," alinong'ona, "kumbe miaka yote nilikuwa nakula mpira!" Hata Fundi alitabasamu.

Lakini chumba kilikuwa na joto, na joto huamsha marashi. Mzee Kurebayashi aliinua kipande chake, akakisogeza karibu na pua, akakishusha.

"Pua yangu imezeeka," alisema, "au humu ndani kuna bustani?"

Mkewe alimkanyaga mguu kwa siri. Fundi Iwase hakumtazama mtu. Alimwomba mkewe afungue mlango kidogo. Upepo wa Machi ukaingia, ukawatetemesha wote, lakini harufu ya maua haikutoka.

Shangazi Tokie akageuka polepole. "Wakana. Nilikuambia nini kwenye treni?"

"Sijapaka, Shangazi! Si uliyachukua mwenyewe?"

"Nakujua wewe. Hukosi mengine. Nenda ukanawe."

Wakana alikwenda, akarudi na mikono myekundu kwa kusuguliwa. Harufu ilikuwa palepale. Uso wa Shangazi ukaiva kwa aibu. Aliinama mbele ya Fundi, akainama mbele ya wale wazee, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Chukua koti lako, ukaningoje chumbani. Siwezi kukubali uwaharibie watu siku yao."

Mizuho alitaka kusema, akajizuia. Angesema, angefukuzwa yeye, na habari ya koti lake lenye harufu ya nondo ingejulikana na kila mtu. Wakati huohuo Fundi alikuwa ameshamwekea kipande cha jodari, chekundu, kinang'aa. Akinyamaza, angekila, na hakuna ambaye angejua.

Wakana alivaa koti. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini alijaribu kucheka. Alimwinamia Mizuho na kumnong'oneza, "Sehemu yangu ule wewe. Usimwachie yule kunguru."

Mizuho hakuweza tena. Alisimama kwa ghafla hata kiti kikalia.

"Ni mimi!" alisema. "Shangazi, si Wakana. Marashi ni yangu. Gauni langu linanuka dawa ya nondo, nikaona haya, nikajipaka. Nilikusikia kwenye treni, na bado nikajipaka. Samahani, Fundi. Samahani, Babu. Samahani, Bibi." Aliinama mpaka paji la uso likagusa ubao. "Wakana abaki. Nitatoka mimi."

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Kurebayashi.

"Siku ya harusi yetu," alisema, "huyu mke wangu alijipaka marashi makali kuliko hayo mara kumi, na bado nilikula nikamaliza."

"Mwongo mkubwa!" Bibi Kurebayashi akamjibu. "Ulipiga chafya mpaka asubuhi." Vicheko vikazuka, na hata Shangazi akashindwa kujizuia.

Mke wa Fundi alimshika Mizuho mkono, akampeleka nyuma, akamwosha shingo na viganja kwa sabuni isiyo na harufu. Kisha akamvalisha shati lake jeupe la kazi juu ya gauni. "Harufu ya nondo ndiyo iliyokutia aibu?" aliuliza. "Mwanangu, koti langu likitoka sandukuni hunuka hivyo hivyo. Na lako nimelitundika mwenyewe pale mlangoni, likinigusa puani. Umemsikia mtu akilalamika?"

Waliporudi, Shangazi Tokie alikuwa amemwinamia mpwa wake mdogo mbele ya watu wote. "Nilikuhukumu bila kukuuliza vizuri," alisema. "Nisamehe, Wakana."

Wakana alimsamehe Shangazi papo hapo. Kwa Mizuho alichelewa. "Ulikuwa unanitazama tu navaa koti?" aliuliza.

"Ndiyo," Mizuho alijibu. "Nilikuwa naogopa. Sina la kujitetea."

Fundi Iwase aliviondoa vile vipande vya jodari vilivyongoja. "Sushi ikisubiri, si sushi tena," alisema. Akakata upya, akaanza na Wakana. Kisha akamtazama Mizuho. "Nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana. Nikikosea kukata samaki, nasema papo hapo, nakata mwingine. Nikimficha chini ya wali, mteja atamkuta tu mdomoni."

Walikula mpaka kipande cha mwisho. Kufikia yai tamu la kumalizia, Wakana alikuwa amemkanyaga Mizuho mguu mara mbili kwa mzaha, na Mizuho alijua kwamba hasira imekwisha. Aliona raha ambayo hakuijua tangu alipokificha kile kichupa.

Walipotoka, walivuka barabara wakiwa wameshikana mikono, Kotone akiwasimulia habari za kila samaki kana kwamba hawakuwepo. Mizuho alisogea karibu na Shangazi Tokie.

"Shangazi, bado umenikasirikia?"

"Kwa marashi? La. Ulikosea, ukaoshwa, yakatoka." Shangazi alimfungia kifungo cha juu cha lile koti la kurithi. "Ila kumbuka neno moja, mwanangu. Marashi yana sabuni yake. Kosa lako ukimwachia rafiki yako alibebe, sabuni ya kulitoa haijatengenezwa bado."