Kijiwe cha Rubani

"Kijiwe chako kiko mtaa gani?"

Hafsa, mwalimu wa Msambweni, alipopiga simu hakumsalimu mchumba wake. Chirau, rubani wa ndege ndogo za Ukunda, alikuwa kitandani katika hospitali moja ya Mombasa, akisubiri kuitwa.

"Hafsa, sikuelewi."

"Umeandika: 'Kijiwe changu kinanishika huku Mombasa hadi kesho. Mzee asijue.' Simu yangu ilikuwa mkononi mwa Baba. Ameusoma ujumbe kabla yangu."

Kwa Mzee Matano, baba yake Hafsa, kijiwe kilikuwa na maana moja tu: mahali vijana wanapotafuna miraa na kupoteza siku. Alikuwa ameshatamka kwamba posa ya Ijumaa haitapokewa. Bintiye hataozwa mtu wa vijiweni, awe rubani au asiwe.

"Kiko kwenye figo," Chirau akasema. "Kina milimita nne."

Hafsa akacheka bila kutaka.

Chirau akaeleza. Kijiwe kilionekana katika uchunguzi wa afya wa kila mwaka. Hakikumuuma, lakini maumivu yake yakimshika rubani angani, ndege hubaki bila mikono. Ndiyo maana alikuwa amesimamishwa kuruka kwa wiki tatu. Asubuhi hiyo Daktari Jumwa angepitisha mpira mwembamba wenye kamera na kukivunja kwa mwale wa leza, bila kumpasua. Aliandika "kijiwe" ili jambo lionekane dogo.

"Wiki tatu unaniambia unarusha watalii Mara."

"Niliona haya. Rubani asiyeruka ni nani?"

"Abiria wako unawaambia kabla ndege haijatikisika. Mimi ulitaka nijue baada ya kutua?"

Chirau akaomba apewe Mzee kwenye simu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Sema."

Akasema yote, pamoja na uongo wa wiki tatu, bila kujitetea. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Na huo mpira unapitishwa wapi?"

Chirau akamweleza, kwa heshima zote.

Mzee akakohoa muda mrefu. "La haula. Mtu aliyeweza kunitamkia hilo, hana tena la kunificha. Wazee wako na waje."

Saa sita mchana kijiwe kilikuwa kimekuwa vumbi. Ijumaa wazee wakaenda Msambweni, na Chirau, kama ilivyo desturi, akabaki kwao Mwabungo, akitembea polepole kuliko nyanya yake. Picha mpya zilionyesha figo safi. Ruhusa ya kuruka ilikuwa njiani. Lakini hakuiwaza. Aliitazama simu hadi ujumbe wa Hafsa ukaingia.

"Nimeulizwa mbele ya wazee. Nimeridhia. Daktari alisema lita tatu za maji kwa siku. Umekunywa ngapi?"

Chirau akaandika "Tatu". Akaifuta. Akaandika:

"Moja na nusu."