Ukiita Fundi Pale Sinema

Siku ile niliamka vizuri tu. Nilifua, nikaanika, nikapika, nikafunga chakula cha mdogo wangu nikatoka kumpelekea kazini. Jua lilikuwa linawaka. Muuza mkaa wa pale kona akanitania kama kawaida yake, "Shemeji, hicho chakula kiache hapa, mdogo wako keshashiba." Nikamjibu kwamba njaa haina shemeji. Nayasema haya ili mjue sikuwa naumwa wala sikuwa naota.

Mdogo wangu alikuwa anashona sare za shule pale tunapopaita Sinema. Sinema yenyewe haikumaliza hata mwaka. Baadaye jengo likawa ghala la unga, likawa ukumbi wa harusi, likawa kiwanda cha kushona, lakini jina limeganda. Mtu anakwambia "mimi nimeolewa Sinema," wala hacheki. Ndani hakuna dirisha hata moja. Sakafu imeinamia mbele, maana ilijengwa hivyo ili waliokaa nyuma waone, kwa hiyo uzi ukimponyoka fundi unabingirika mpaka ukuta wa mbele, na mtu anainuka kuufuata huku wenzake wanamcheka.

Mjomba wetu, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa fundi wa picha. Alikaa chumba kidogo cha juu, chenye tundu la kupitishia mwanga. Picha ikikatika, ukumbi mzima ulipiga kelele, "Fundi! Fundi!" Naye alisogeza uso tunduni akaitika, "Naam! Tulieni, mwanga unakuja." Watu walicheka, wakatulia. Hata sisi watoto tulimwita hivyo njiani, makusudi, ili tusikie anavyoitika.

Mwenye jengo tulimwita Tajiri. Huyo alikuwa na ugonjwa mmoja, kufungia watu. Aliona wapo wanaoingia bure, akaanza kufunga mlango mkubwa kwa mnyororo, kwa nje, picha ikianza. Akasikia mjomba anapitisha rafiki zake kwa ngazi ya nje inayopanda chumbani kwake, akamfungia na yeye. Ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Siku filamu iliposhika moto kule chumbani, Tajiri alikuwa kwenye shughuli zake. Watu wa ukumbini walivunja mlango wa pembeni wakatoka. Mjomba alibaki anagonga. Mama, akiwa barabarani, alimsikia kaka yake wa tumbo moja anagonga mpaka akanyamaza.

Na Tajiri, bila haya, akasimama msibani akasema, "Yule alikuwa amelewa."

Amelewa! Mjomba aliyekuwa akinusa hata dawa ya kikohozi kabla hajaimeza, isije ikawa na pombe! Mtaa ulinong'ona kwamba ile ilikuwa kafara, kwamba Tajiri alikwenda kwa mganga akaambiwa atoe mtu ndipo mali ikae. Ya mganga siyajui. Mnyororo niliuona kwa macho yangu, na sijui uchawi unaouzidi ule.

Mdogo wangu alipopata kazi mle, nilimkataza. Akaniambia, "Dada, hasira haipikiki." Nikamwacha aende. Tajiri alikuwa ameziba mlango wa pembeni kwa mbao na kuupaka rangi ya ukuta. Chumba alichofia mjomba alikifanya ofisi, awachungulie mafundi kupitia tundu lilelile. Na mlango mkubwa? Mnyororo uleule. Eti nguo zinaibwa.

Basi nikafika na chakula changu. Nikiwa nje nikasikia cherehani zote zimenyamaza. Umeme umekatika. Wakawa wanacheka mle gizani, kama ilivyo kawaida yao. Mara umeme ukarudi kwa kishindo, kitu kikalia juu ya dari, ukakatika tena. Kicheko kikaisha. Nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua.

Moshi ukatoka chini ya mlango.

"Dada!" Alikuwa yeye. Alijua ndiyo saa yangu ya kufika. "Dada, tufungulie!"

Nikatupa chakula, nikaudaka mnyororo. Nikavuta. Nikapiga kelele, watu wakaanza kukimbia kuja. Kutoka juu nikamsikia Tajiri anafoka kupitia tundu lake, "Zimeni kwanza! Nguo za watu hizo! Hatoki mtu hapa!" Wallahi ningempata mikononi siku ile, ningefungwa mimi.

Yaliyofuata ndani kanisimulia mdogo wangu. Giza totoro. Wanakohoa, wanakanyagana. Alikuwapo mama mmoja mkata vitambaa, wanamwita Mama Mkasi, ambaye ujanani hakukosa picha hata moja kwenye Sinema ile. Hofu ilimchanganya. Akapiga ile kelele ya zamani.

"Fundi! Fundi!"

Mle ndani kila mtu ni fundi. Wote wakageuka. Nani anaitwa?

"Naam!"

Niliisikia na mimi, nje ya mlango. Haikuwa sauti ya Tajiri. Nikauachia mnyororo.

"Tulieni," ikasema, polepole. "Mwanga unakuja."

Tajiri alikuwa bado anafoka. Akakatika katikati ya neno.

Mwanga ukatoka tunduni. Mweupe. Umeme haupo. Ukapita katikati ya moshi, ukatua kwenye ukuta wa pembeni, ukatulia pale. Mama Mkasi akautazama, kisha akili ikamrudi. "Mlango! Hapo pana mlango, jamani!" Wakainua meza ya kupigia pasi, wakaubamiza ule ukuta wa mbao mpaka ukapasuka.

Nilizunguka mbio kuwapokea. Wakatoka wote, weusi kwa masizi. Mdogo wangu akaniangukia kifuani akaninong'oneza, "Juu kuna mtu anagonga. Unasikia?"

Nilikuwa nasikia. Tulisimama tumekumbatiana mpaka kugonga kukaisha.

Zimamoto walipofika waliomba waonyeshwe mlango mkubwa. Nikawapeleka. Ulikuwa wazi. Mnyororo haupo. Nami nilikuwa nimetoka kuuvuta sasa hivi, viganja vinavuja damu.

Waliukuta juu. Umezungushwa kwenye mlango wa ofisi, kwa nje, kufuli limebanwa. Waliukata ndipo wakaingia. Tajiri alikuwa nyuma ya mlango, amekufa kwa moshi, kucha zimekatika. Moto haukupanda kule hata kidogo. Karatasi zake mezani zilikuwa nyeupe pe. Na ufunguo wa kufuli lile ulikuwa mfukoni mwake mwenyewe.

Askari alituuliza nani alimfungia. Muuza mkaa akaninong'oneza, "Shemeji, ilikuwaje?"

"Labda alilewa," nikamwambia.

Mdogo wangu sasa anashonea nyumbani. Wateja wake nimewaonya wamwite kwa jina lake, neno fundi waliache barabarani. Viganja vyangu vimepona, ila alama za pete za mnyororo hazijatoka, na nikikaribia jengo lile zinapata moto.

Juzi zilinichoma nikiwa bado mbali. Nikakuta mtoto wa Tajiri anasimamia mafundi rangi. Anataka liwe bweni la wasichana wa shule. Vitanda vilishaingia. Mlango wa pembeni umejengwa upya, kwa matofali safari hii, na mlango mkubwa una mnyororo mpya unaning'inia kwa nje.

Nikamsihi. Kwa upole, nikamwita mwanangu. Nikamwambia, "Fanya utakalo, ila usiwafungie watoto wa watu kwa nje."

Akacheka. "Mama, hizo hadithi zenu nazijua. Huyo mzee wenu si alikuwa amelewa?"

Akapanda ngazi kwenda kukagua chumba cha juu.

Nikabaki mlangoni. Ukumbi ulikuwa mtupu, mafundi rangi wametoka kula. Nikaweka mikono mdomoni, nikaita kwa nguvu zangu zote, kama tulivyokuwa tukiita njiani.

"Fundi!"

"Naam!"

Nikauacha mlango wazi, nikaenda zangu nyumbani. Nilipogeuka kuutazama, mnyororo haukuwapo tena.