Leseni ya Marahaba

Mfufuzi, roboti wa karakana, alikuwa na vidole arobaini vya chuma, na hakuna hata kimoja kilichokaa bure. Asubuhi hiyo alikuwa ameshika kompyuta mpakato kuukuu, vitufe vitatu vimeng'oka, inanuka chai ya maziwa. Kufumba na kufumbua akaifungua mgongo, akapuliza vumbi, akaosha ubao wake wa saketi kwa mvuke, akang'oa betri iliyovimba na kupachika nyingine, kisha akafuta kumbukumbu zote za mmiliki wake wa zamani. Dakika tisa tu. Mashine iliyokuwa inakwenda jalalani ilitokea upande wa pili ikimetameta kama sahani ya wageni.

Kazi ya Mfufuzi iliishia hapo. Iliyobaki ilikuwa ya binadamu, na binadamu huyo kwa miaka kumi na moja alikuwa fundi Nyemo Chilewa, mjane wa miaka hamsini na nane, ambaye wenzake walimwita Mama Kimya.

Katika Dodoma ya miaka hiyo, kila kitu kiliendeshwa na mitambo, kuanzia mabomba ya maji hadi roboti za kukata vitambaa kule Kizota, na hakuna mtambo uliopokea amri kutoka kwenye kompyuta ambayo mfumo endeshi wake hauna leseni. Leseni mpya ilikuwa ghali kuliko kompyuta yenyewe. Ndiyo maana watu wa kawaida walikimbilia Karakana ya Ufufuo, ambako kila mpakato uliofufuliwa uliuzwa kwa bei nafuu pamoja na leseni yake. Leseni moja tu, wala haikuwa na mbadala.

Ili isiibwe, waliobuni mfumo waliifunga kwenye sauti ya mtu. Na hapo ndipo walipojitia ujanja. Walitaka mfumo uwe wa kwetu, wenye adabu zake. Basi mpakato ukiamka kwa mara ya kwanza ulisema, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, "Shikamoo." Mtu wa kwanza kuitikia marahaba ndiye aliyekuwa mwenye leseni maisha yake yote. Kila asubuhi mpakato ungemwamkia tena, na usingefunguka mpaka usikie sauti yake. Ukiamkia mara tatu mfululizo kabla haujapata mwenyewe, bila kuitikiwa, leseni inakufa.

Wahandisi wakaona wamemaliza. Hawakufikiria ni nani atakayekuwa chumbani wakati mipakato inaamshwa. Fundi alipaswa kuifungua, kusikiliza kama spika inatoa sauti, na kuifunga kabla ya salamu ya tatu, ili hesabu ianze upya. Sasa mchukue mtu mzima wa nchi hii, mweke mahali anapoamkiwa mara mia mbili kwa siku kwa sauti ya mtoto, halafu mwambie asiitikie. Mwezi wa kwanza ulikuwa kichekesho. Fundi mmoja mtu wa Kondoa alijisajilia mashine kumi na tisa kabla ya chakula cha mchana, na ile ya mwisho akaiuliza kama haijambo. Wakajaribu kuziba masikio, lakini fundi aliyeziba masikio atapimaje spika? Mwishowe ikawekwa kanuni: sauti yako ikinaswa, unavua aproni siku hiyo hiyo. Waliobaki ni wale wenye ulimi mzito, na Nyemo aliwashinda wote. Sauti yake haikuwahi kunaswa hata mara moja.

Alijivunia jambo hilo. Alidhani kile kimya anakiacha karakana jioni pamoja na aproni. Watoto wa jirani walimwamkia, wakasubiri, wakapita, na baada ya muda wakaacha kumwamkia. Nyemo hakulitilia maanani.

Kisha Yona, mwanawe wa pekee, akamleta mkewe, mbunifu wa nguo kutoka Shinyanga. Kabula alipiga magoti mlangoni kama alivyofunzwa kwao, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama." Nyemo aliisikia salamu ile, na moyo wake ulifurahi kweli kweli, ila ulimi ulikaa palepale ulipozoea kukaa. Kabula akarudia. Nyemo alipozinduka, mgeni alikuwa ameshasimama, macho yako sakafuni, na Yona alikuwa ameubeba tena mkoba wa mkewe. Nyemo aliwaandikia barua ndefu kueleza kazi yake inavyomfanya. Yona alijibu kwa mstari mmoja: "Mama, shikamoo haiitikiwi kwa barua." Hiyo ilikuwa miaka miwili nyuma, na hawakuwa wamerudi tena, ingawa waliishi mji ule ule.

Mchana wa siku ile ya mpakato wa chai, Nyemo alipangiwa Chumba cha Makabidhiano. Kazi yake ilikuwa nyepesi: mnunuzi anaingia, fundi anafungua mpakato, anamwonyesha kwa kidole, mnunuzi anaitikia, anaondoka na mali yake. Ukishafunguliwa humo haufungiki tena. Nyemo alifungua mpakato uliokuwa unanuka chai, akainua macho, na aliyekuwa anaingia ni Kabula, utepe wa kupimia nguo ukiwa bado shingoni.

"Shikamoo," mpakato ukasema.

Kabula hakuuangalia. Alisimama kidogo kama mtu aliyekosea mlango, kisha akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Nyemo akanyoosha kidole kuelekea kwenye mashine. Maana yake: uitikie.

"Shikamoo," mpakato ukarudia.

"Siwezi, mama," Kabula alisema taratibu. "Nitaitikiaje shikamoo ya mashine, na yangu mimi bado haijapokelewa? Wewe mkubwa wangu umesimama hapa. Nimekuamkia wewe kwanza."

Ilibaki salamu moja. Ikipita bure, Kabula angebaki na sanduku la plastiki, na roboti za Kizota zisingepokea mchoro wake hata mmoja. Nyemo akifungua kinywa, leseni ingemnasa yeye, na kazi ingekuwa imekwisha.

"Mara ile nilijiambia hukunisikia," Kabula alisema. "Nikamwambia na Yona hivyo. Leo lakini umenisikia, mama. Nimeona."

Nyemo aliona haya kuliko siku zote za maisha yake. Gharama ya kile alichokiita ustadi kwa miaka kumi na moja ilikuwa imepiga magoti mbele yake, inasubiri.

"Marahaba," alisema. Sauti ilitoka na kutu. Akajaribu tena. "Marahaba, mwanangu. Inuka. Marahaba."

"Asante," mpakato ukasema kwa furaha. "Leseni imesajiliwa. Karibu, Nyemo Chilewa."

Msimamizi Mgeta aliingia kutoka nyuma ya kioo. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama Nyemo, kanuni unaijua."

"Naijua."

"Ungenipa ishara tu, ningemleta fundi mwingine."

"Hakumwamkia fundi mwingine," Nyemo alisema, naye alikuwa ameshaanza kufungua kamba za aproni.

Kesho yake asubuhi Kabula alibisha hodi Chang'ombe, nyumbani kwa Nyemo, mpakato kwapani. Hapakuwa na namna nyingine: bila sauti ya mama mkwe, roboti zisingepata kazi siku hiyo. Alipiga magoti, akafungua kifuniko, na shikamoo mbili zikatoka kwa pamoja. Nyemo alitoa marahaba moja, ikawatosha wote wawili. Kabula akakaa akanywa chai, na tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi. Jumapili alikuja na Yona.

Baada ya miezi mitano ikaja barua kutoka karakana. Sheria ilikuwa imelegezwa. Leseni sasa ingeweza kuhamishwa kwenda kwa mtu wa familia, na Bi. Nyemo aliombwa kujibu kama angependa yake ihamishiwe kwa mkwewe. Nyemo aliisoma mara mbili, kisha akaiweka chini ya kopo la sukari.

Kabula aliikuta pale siku alipokuwa anatafuta kijiko. Akaisoma yote, akaikunja, akairudisha chini ya kopo.

"Chai imeiva, mama?" akauliza.

"Imeiva."

Na barua ile, mpaka leo, haijajibiwa.