Kabishaneni na Mwamba

Kila asubuhi Raheli alishuka na mtungi kwenye bwawa la chemchemi, chini ya mwamba mkubwa. Kijiji chao kilikuwa karibu na Ikungi, na wote walikunywa hapo.

"Maji yanatukimbia," alimwambia mumewe, Alute.

"Maji yana miguu?" Alute alicheka. "Babu zangu waliyanywa haya haya."

Raheli hakupenda kuchekwa. Masika yale alichomeka kijiti ukingoni. Kiangazi maji yakawa mbali na kijiti, akawaita majirani. Wakacheka zaidi. Kiangazi maji hupungua, hata mbuzi anajua. Kesho yake mtu aliking'oa kijiti akakipikia ugali.

Bwana shamba Melkiori hakucheka. Zamani alibeba mizigo ya wapimaji kwenye Mlima Kilimanjaro.

"Kule juu kuna barafu, maji yaliyoganda yakawa magumu kama jiwe," alimwambia Raheli. "Wapimaji huweka alama mwambani pale barafu inapoishia. Miaka ikipita hurudi, msimu ule ule, kwenye alama ile ile. Hukuta barafu imerudi nyuma. Mwaka mmoja ni maneno tu, Mama Esta. Miaka mingi ni ushahidi."

"Basi nipe nyundo," alisema Raheli.

Alipewa nyundo na tindo. Kila mwaka, mtama ukishavunwa, aligonga mstari mwambani palipofika maji. Mwaka mmoja mvua ilizidi, mstari ukapanda. Watu wakamzomea. Aliugonga vilevile, maana kipimo hakichagui. Miaka iliyofuata mistari ilishuka, chini kuliko yote.

Ndipo Mwenyekiti Mughwai alipotangaza kufyeka kichaka cha juu ya chemchemi, ili shamba la ujamaa lipanuliwe.

Raheli akasimama mkutanoni. Hofu alikuwa nayo, ila hasira ilizidi.

"Ndugu Mwenyekiti, sifyeki. Nusu ya kichaka tulishafyeka, udongo ukaporomoka, na maji yakaanza kushuka. Msibishane na mimi. Kabishaneni na mwamba."

Mkutano mzima ukashuka bwawani. Mughwai aligusa mistari mmoja mmoja, hadi akalazimika kupiga magoti.

"Shamba litapanuliwa upande mwingine," alisema.

Kichaka kikaachwa. Palipofyekwa wakapanda miti, na ng'ombe wakazuiwa kupita.

Miaka michache baadaye, baada ya mavuno, Alute alimsindikiza mkewe kumshikia tindo.

"Mstari mpya tunaugonga wapi?" aliuliza.

"Hakuna mpya. Maji yameacha kukimbia."

Raheli akaugonga tena mstari wa mwaka jana, kwa nguvu, wasikie wote waliomcheka.