Mrija Mpya wa Novatus

Priscila, jirani wa Novatus kule Nyamiaga, anasema Novatus hakuuawa na mtu. Anasema aliyemchukua ni mkewe, Auleria, aliyezama Ziwa Burigi miaka mitatu iliyopita na mwili wake haujaonekana mpaka leo. Boti ya watalii waliyopanda kumaliza matanga yake ilipofika katikati, Novatus alivuta pombe kwa mrija, akatazama maji, akaita, "Auleria, nakuja." Halafu akaanguka kifudifudi.

"Ulimsikia kwa masikio yako?" Inspekta Jovitha Ngeleja alimuuliza.

"Yeye alikaa hapo, mimi hapa. Afande, hata upepo ulikata."

Jovitha aliandika kila neno. Hakucheka.

Mwili ulikuwa bado kwenye sakafu ya boti, umefunikwa turubai. Karibu yake kilisimama kibuyu cha urwagwa, pombe yao ya ndizi, na mirija saba ndani yake. Ukutani kulikuwa na bango: KINYWAJI CHA NJE HAKIRUHUSIWI.

Msimamizi wa boti alikuwa Derick.

"Nani aliruhusu kibuyu kiingie humu?"

"Mimi, afande. Kwanza niliwakatalia. Nikawaambia soda zipo, bia ipo, mpaka mvinyo tunauza humu."

"Wakasemaje?"

"Yule bibi akasema matanga ya mwanawe hayamalizwi kwa soda. Akasema Auleria yuko humu majini, pombe yake inywewe juu yake. Nikaogopa. Wewe ungemkatalia?"

"Nani alionja?"

"Bibi mwenyewe, mbele yangu."

Bibi huyo ni Esperansia, mama yake Auleria. Alikuwa amekaa mbele kabisa, ameupa mwili mgongo. Jovitha alimuuliza mara mbili; yeye akaendelea kutazama maji.

Watu saba walivuta kibuyu kimoja. Amekufa mmoja.

Jovitha alivaa glovu, akaitoa mirija mmoja baada ya mwingine. Sita ilikuwa imekuwa myeusi kwa miaka ya kunyonya. Wa saba ulikuwa wa manjano, kama umekatwa jana.

"Huu wa nani?"

"Wa Novatus," Priscila akasema.

"Mtu mzima na mrija wa jana? Wake uko wapi?"

"Aliuvunja siku ya msiba. Kwetu aliyefiwa na mke hanywi na watu mpaka ukweni wampe mwingine."

"Nani alimpa?"

Priscila akashusha sauti. "Mama mkwe. Lakini si mkononi, aibu hiyo! Aliuweka chini, Novatus akauokota."

Kibuyu na mirija yote vikachukuliwa kama vielelezo. Derick, aliyeruhusu kibuyu, alilala mahabusu siku sita, mpaka jibu la maabara lilipofika. Kibuyu kilikuwa safi. Dawa ya kuua wadudu wa mazao ilikutwa ndani ya mrija mmoja tu, ule mpya.

Jovitha akaenda Nyantakara, nyumbani kwa Bibi Esperansia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikalie kigoda hicho. Cha Auleria."

Mbele ya kigoda kulikuwa na sahani ya ndizi na maharage. Bado ilikuwa inatoa mvuke. Jovitha akabaki amesimama.

"Mrija wa Novatus uliukata wewe?"

"Mimi."

"Na dawa?"

"Mimi." Alijibu kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Kwa nini?"

"Alikuja mwezi uliopita. Anataka kuoa, tumalize matanga. Nikamwambia haya, rudisha nguo ya marehemu kwa mama yake, ndivyo inavyotakiwa. Akarudisha."

Bibi akaingia chumbani, akatoka na kitenge cha bluu.

"Siku aliyozama walipitia hapa, Auleria amevaa hiki. Jioni mkwe akarudi peke yake. Anasema mtumbwi umepinduka, maji yamemchukua na nguo zake zote. Sasa hiki kimetoka wapi? Kimekunjwa. Kinanukia sabuni."

"Ulimuuliza?"

"Akalia. Akasema waligombana pale ufukweni mwa ziwa, akamkaba, kitenge kikabaki mkononi mwake. Akakificha sandukuni, halafu miaka ikapita, akasahau ni kipi. Alichukua tu kilicho kizuri ili anifurahishe."

"Mwili je?"

"Aliufunga jiwe. Nikamuuliza ulimtupa wapi. Akasema, 'Ziwa ni kubwa, mama, sikumbuki.'" Bibi akakikunja kitenge upya. "Hilo ndilo lililomuua. Mengine yote ningekuja kuwaambia nyie polisi."

Jovitha akatoa karatasi ya maelezo, akaandika, akamsomea. Bibi akaweka dole gumba, hakutaka kusomewa mara ya pili.

Nje ya mlango, udongo ulikuwa umelowa. Mvua haikuwa imenyesha Nyantakara wiki nzima.

"Na wewe umeona," Bibi akasema. "Anakuja kila siku mchana. Anasimama hapo, anachuruzika maji. Namwita, haingii. Ataingiaje kwa watu akiwa uchi?"

Jovitha alishika pingu, hakuzifungua.

"Una watu wa kupiga mbizi, mwanangu. Nipeleke ziwani nao. Siku moja tu. Nimvike mtoto wangu, halafu unifunge hata miaka mia."

Bibi akamnyooshea mikono yote miwili, kitenge kikiwa juu yake, akangoja. Inspekta Jovitha alikuwa anautazama ule udongo.