Pipa la Kinasachujo

Jogoo wa jirani aliwika mara tatu, roboti la manispaa likapita nje likitoboa lami, na ndani ya chumba cha kurekodia muuzaji wa maiki akagonga sufuria kwa mwiko, sentimita chache tu kutoka kwenye maiki. Sekela, aliyeketi upande wa pili wa kioo na hedifoni masikioni, hakusikia hata kimoja. Alimsikia Ambokile peke yake akichana mistari yake ya kufokafoka, kila neno limenyooka kama shati lililopigwa pasi.

"Loo!" alisema akivua hedifoni, muuzaji alipotoka chumbani. "Huu ni uchawi."

"Si uchawi, dada, ni sayansi," muuzaji alijibu huku akirudisha sufuria yake begini.

Kifaa kiliitwa kinasachujo. Hakikuzidi kidole gumba kwa ukubwa, lakini ndani yake mlikuwa na vijisikio mia nne, na nyuma ya vijisikio hivyo kulikuwa na akili unde iliyofundishwa wimbo ni nini na takataka ni nini. Pumzi ilikuwa takataka. Kikohozi, kiti kinacholia, kicheko, maneno ya kawaida yasiyofuata mdundo, vyote vilikuwa takataka, na viliondolewa kabla havijafika kwenye hedifoni za fundi. Mbeya ya mwaka 2096 ilikuwa na magari yanayoning'inia kwenye nyaya kutoka Uyole hadi Iyunga, ila watu wa Mwanjelwa hawakuacha kufuga jogoo nyuma ya nyumba, na hao jogoo walikuwa wamemharibia Sekela nyimbo nyingi mno.

Ambokile alitoka chumba cha kurekodia akijifuta jasho. "Na hizo takataka zinakwenda wapi?"

"Zinahifadhiwa kwenye pipa, humo humo ndani ya mashine," alisema muuzaji. "Lakini nani afungue pipa la taka, kaka?"

Wakacheka wote watatu.

Mezani palikuwa na maiki nyingine, ambayo studio nzima iliiita Kibuyu kwa sababu ya umbo lake. Sekela aliirithi kwa mwalimu wake, marehemu mzee Kasyupa. Ilikuwa chuma kizito chenye wavu uliobonyea upande mmoja, na ilitaka msanii aisogelee mpaka midomo ikaribie kuugusa. Haikuficha kitu. Msanii akiwa na njaa, fundi alilisikia tumbo likinguruma. Mzee Kasyupa alikuwa na amri mbili, na alizisema mpaka watu wakazichoka: maiki huchaguliwa kwa kifua cha msanii, si kwa sikio la fundi; na kila rekodi isikilizwe mbichi kwanza, kabla haijasafishwa.

Sekela alijua faida ya amri hizo kuliko mtu yeyote. Miaka miwili nyuma, akisikiliza mbichi, alisikia mluzi mwembamba ndani ya pumzi ya Ambokile. Kijana alikuwa mkata marumaru mchana na mchanaji jioni, na vumbi la mawe halina urafiki na mtu. Sekela alisimamisha kazi, akamshika mkono mpaka zahanati. Kumbe ulikuwa mwanzo wa homa ya mapafu. Akatibiwa, akapona, na tangu siku hiyo akawa akimtania, "Dada Sekela, wewe ndiye daktari wangu. Madaktari wengine ni wasaidizi wako."

Sasa Ambokile aliipakata Kibuyu kama mtu aliyebeba mtoto. "Dada, mimi na Kibuyu tunajuana. Nikikosea inanisuta. Hicho kidude kinanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Acha ushamba, mdogo wangu. Redio ya Kituo cha Mwezini inapokea nyimbo kumi na mbili tu mwaka huu. Wale wafanyakazi wanaishi kwenye ukimya, hawana upepo wala jogoo. Wakisikia mkwaruzo mmoja wanazima."

"Lakini kimenikata kicheko changu. Pale mwanzo nilicheka, hukusikia?"

"Kicheko hakichanwi, Ambokile."

Ambokile akairudisha Kibuyu mezani. "Haya. Fundi ni wewe."

Tuseme ukweli, mwezi ulikuwa kisingizio. Sekela alitaka kuwa fundi wa kwanza Mwanjelwa mwenye kinasachujo, wale wa studio za mtaa wa Soweto, hapo hapo Mbeya, waje wakichungulia mlangoni. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na muuzaji yule alikuwa ametembea na begi lake mji mzima. Sekela hakuikumbuka methali hiyo siku ile. Aliikumbuka baadaye, na baadaye haimsaidii mtu.

Alikinunua, wakarekodi kwa wiki tatu, kila jioni Ambokile akitoka kazini. Kusikiliza mbichi kuliachwa siku ya kwanza. Ubichi gani, wakati kila kitu kilifika masikioni kimeshaiva? Nyimbo zilikuwa nzuri jamani, nzuri za kutia wivu. Mara kwa mara, nyuma ya kioo, Ambokile alisimama katikati ya ubeti, akajipiga kifua kwa ngumi, midomo ikimchezacheza. Sekela hakushtuka. Mchanaji gani asiyejipiga kifua? Nani asiyenong'ona mistari yake kabla ya kurudia? Alimwinulia dole gumba, akabonyeza kitufe cha spika ya chumbani, akasema, "Safi kabisa! Tena mara moja." Na Ambokile alirudia.

Siku kumi na moja baada ya kumaliza, Ambokile alianguka kazini, kandokando ya msumeno wake. Mapafu yalikuwa yamejaa maji. Daktari alisema angefika wiki mbili kabla, angepona. Taarifa kutoka Kituo cha Mwezini ilifika siku ya tatu ya matanga: wimbo wake umechaguliwa. Sekela aliisoma kwenye simu akiwa ameketi mkekani kati ya waombolezaji, akaizima, asimwambie mtu.

Mwezi mmoja baadaye mama yake Ambokile alikuja studio. Alivaa kitenge cha msibani na alikuwa amepungua. Sekela alimkaribisha kiti, akapiga goti kidogo, akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nyimbo ulizonipa nazisikiliza kila siku," alisema mama. "Ni nzuri, kila mtu anasema. Lakini mwanangu simsikii mle. Hahemi. Mtu gani anasema maneno yote yale bila kuhema? Nitafutie hata anapokohoa. Hata anapocheka."

Sekela alitaka kusema hakuna. Kisha akalikumbuka pipa. Angeweza kumwomba mama arudi kesho, ili yeye alisikilize kwanza peke yake. Lakini mama alikuwa ameshasogeza kiti karibu na spika, mikono mapajani, anangoja. Sekela akalifungua.

Kwanza kilitoka kicheko, kile cha siku ya sufuria. Mama akaziba mdomo kwa kitenge. Halafu jogoo. Halafu pumzi, pumzi nyingi, na ndani yake mluzi ambao Sekela aliutambua mara moja, mwembamba juma la kwanza, mnene juma la pili, na juma la tatu ukivuma kama upepo chini ya mlango. Vidole vyake vilitaka kuzima. Hakuzima.

"Dada, ngoja kwanza," ilisema sauti ya Ambokile, taratibu, bila mdundo. "Kifua kinanibana. Huu mluzi wangu unausikia?"

Ikafuata sauti ya Sekela mwenyewe, changamfu, ikitoka kwenye spika ya chumbani: "Safi kabisa! Tena mara moja."

Kisha Ambokile, akijisemea peke yake: "Haya. Kama dada amesikia, basi si kitu."

Sekela alipiga magoti sakafuni, safari hii si kwa salamu. "Mama, sikumsikia. Nakuapia sikumsikia. Nilikuwa pale, namwona kabisa, na sikumsikia. Alitaka ile maiki ya zamani, mimi nikakataa."

Mama alikitazama kile kidude kidogo kuliko kidole gumba.

"Nilimwambia aende hospitali," alisema. "Akaniambia, mama, dada Sekela ananisikiliza kila jioni. Pangekuwa na ubaya angeniambia. Nikanyamaza."

Sekela alilia kwa sauti, na mama akamwacha alie. Kisha mama akainama, akaweka sikio kwenye spika.

"Rudisha," alisema.

"Wapi, mama?"

"Pale anapohema."

Sekela alijifuta uso, akarudisha. Hakuvaa hedifoni. Aliketi sakafuni karibu na miguu ya mama, wakasikiliza mbichi, mpaka mwisho.